Kisu Chepesi Nilichokisifia Mbele ya Wazee

Wapo watu huku kwetu ambao mpaka leo wakiniona nimeshika kisu, hata kiwe kile kidogo cha kumenyea viazi, wanakohoa kidogo na kutazamana, halafu mmoja anaulizia habari za ngiri, na mimi nacheka nao kwa sababu nikikasirika watakohoa zaidi. Sioni raha kuisimulia habari hii. Lakini naona heri niiseme mwenyewe kuliko kuiachia midomo ya watu, maana kila anayeisimulia anaongeza lake, na juzi nimesikia mtu akisema kwamba siku ile nilikuwa nimevaa koti la marehemu baba na koti likashika moto, jambo ambalo halikutokea (koti lilikuwepo, moto haukuwepo).

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Baba alifukiwa na kifusi machimboni, mama naye akaugua na kumfuata, na mimi nikaacha shule darasa la sita, sikufukuzwa, niliacha tu asubuhi moja kwa sababu palikuwa na pamba ya kupalilia na hapakuwa na mtu mwingine wa kuipalilia. Nyuma yangu alikuwepo Minza, ambaye alikuwa msichana mkubwa tayari, na mapacha Kulwa na Doto, ambao walikuwa bado wanalilia nani alale upande wa ukutani. Tuliishi hivyo upande wa Segese kwa misimu kadhaa, tukila tulicholima, na sikumbuki siku hata moja waliyolala na njaa. Hilo nalisema bila kujisifu. Kujisifu nimekoma, kama mtakavyoona.

Sasa baba mdogo wetu, Lushinge, mdogo wake baba, alikuwa Nyarugusu anachimba dhahabu, ana duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, na vijana wa kumshukia chini, na akaleta neno kwamba ni wakati ukoo ukae uamue nani anakaa mahali pa marehemu. Jambo lenyewe lilikuwa hivi: anayekaa mahali pa baba ndiye anayewalea watoto, na binti akiolewa ndiye anayepokea ng'ombe wake. Minza alikuwa ameshaanza kuulizwa, na waliomuuliza walikuwa watu wa Tinde wenye ng'ombe wa kujaza zizi, kwa hiyo hamu ya baba mdogo haikuhitaji mkalimani. Wazee wakinikubali mimi, tungebaki wanne chini ya paa moja kama tulivyokuwa. Wakimkubali yeye, Minza angehamia kwake na mapacha wangegawiwa ndugu kama vifaranga. Hilo ndilo nililoliendea, hakuna lingine.

Kikao kiliwekwa Nyarugusu kwa sababu guku Bundala (guku ndiyo babu kwetu), mkubwa kuliko wote katika ukoo, alikuwa akikaa hapo kwa baba mdogo na miguu yake ilikuwa imekataa safari. Na kwenye ukoo wetu kikao cha namna hiyo kina utaratibu: anayetaka kukaa mahali pa marehemu analeta mbuzi wake, anachinjwa kwa kisu chake, na wazee wanakula wote kutoka chungu kimoja kabla neno halijasemwa. Wasipokula pamoja hawaamui.

Basi nilikuwa na mbuzi. Kilichobaki ni kisu.

Hapa ndipo mkosi ulipoanzia, na ulianza mdogo sana, ungeweza kuukanyaga usiuone. Nyumbani kulikuwa na kisu cha baba kimening'inia darini, kisu cha kuchinjia, kimefuliwa kutokana na springi ya lori, kizito, mpini wake wa pembe ya ng'ombe. Mtu yeyote mwenye akili angekitwaa akaenda. Lakini mwaka ule dizeli ilikuwa haipatikani na hakuna basi lililokuwa likipita, ilibidi twende kwa miguu, tukatize pori na kulala humo, na mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mizigo: mfuko wa michembe ya viazi vikavu, kibuyu cha maji, blanketi, sufuria, kamba na mbuzi mwenyewe anayevuta kushoto ukitaka kulia. Nikakitikisa kile kisu cha baba mkononi nikasema kitanivunja kiuno. Nitafute chepesi.

Nikaenda gulioni Segese kwa mhunzi mmoja aliyekuwa akitandaza visu vyake juu ya gunia. Nilikaa pale mpaka akaanza kuninunia. Nilichukua cha kukunja, nikakifungua na kukifunga, nikakikataa, maana mchanga ukiingia kwenye bawaba ama hakifunguki ama kinajifunga chenyewe kwenye vidole vyako. Kisu cha safari, nikamweleza mhunzi (nilikuwa namweleza mhunzi), kiwe cha kipande kimoja, kisikunjwe, kikae kwenye ala, ukikihitaji unakichomoa. Nikachukua kinene cha buchani, nikakiacha, kizito kama kile cha nyumbani. Halafu nikakiona chenyewe. Kilikuwa chembamba, kimekatwa kutokana na msumeno wa zamani, urefu kama kiganja na vidole vyake, mpini wa mti mwepesi, ala ya ngozi ya mbuzi. Nikakilaza juu ya kidole kimoja kikasimama sawasawa. Nikakifunga kiunoni nikatembea mpaka kwenye wauza dagaa na kurudi, nikahisi kama sijafunga kitu.

"Hicho ni kizuri," mhunzi akasema, "ila chuma kinachoingia ndani ya mpini ni kifupi, nimekishika kwa utomvu. Usikiloweke majini."

"Naenda kukata nacho, siendi kukiogesha," nikamjibu, na watu wakacheka, na mimi nikaondoka nimefurahi.

Minza alikitazama nyumbani kwa muda mrefu.

"Kaka, hiki ni kisu au jani la mtama?"

"Ni chepesi."

"Hata unyoya ni mwepesi, lakini hatuchinjii mbuzi."

"Kinakata, utaona."

"Basi beba na kile cha baba. Hiki cha njiani, kile cha mbuzi. Nitakibeba mimi."

Na mimi nikamwambia, nayakumbuka maneno yangu na kila nikiyakumbuka nafumba macho, nikamwambia: "Mtu mwenye kisu kizuri habebi viwili."

Tukawaacha mapacha kwa mama jirani, tukaondoka na mbuzi wetu.

Niseme kweli, porini kile kisu kilinifurahisha kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki. Nilikatia nguzo za kibanda chetu cha matawi. Nilikatia miiba ya kumzungushia mbuzi fisi wasimfikie. Nilimtoa Minza mwiba kwenye unyayo kwa ncha yake, taratibu, hata hakulalamika, na Minza analalamika hata ukimpa asali. Kila tulipopumzika nilikichomoa nikakitazama tu.

"Kipose basi," Minza akasema.

Siku iliyofuata tukamkuta bwana mmoja kandokando ya njia, mtu wa Ushirombo aitwaye Petro, rozari shingoni, baiskeli imelala chini, na mbele yake ngiri mkubwa aliyenaswa kwenye mtego wake. Kisu chake kilikuwa kimevunjika kwenye kiungo cha kwanza tu. Akaniomba changu. Mimi sikumpa (mtu hampi mtu mchumba wake), nikamwambia kaa pembeni mzee, nikavua shati nikamchuna ngiri yule mwenyewe. Ndugu zangu, ngozi ile iliachia kama inavuliwa nguo. Petro alikuwa akizunguka na kusema, "Kisu hiki kimebatizwa, kisu hiki kina komunio ya kwanza." Alitukatia paja zima kwa shukrani, tukalichoma, tukala na kumaliza, na kisu nikakifuta kwa majani na mchanga mpaka kikang'aa.

Sikuwaza lolote. Hilo ndilo watu hawaamini, lakini kwangu mimi nguruwe ni yule wa misheni, mweupe, anayelala kwenye matope. Ngiri ni ngiri, mnyama wa pori kama swala. Kwetu hatukuwahi kuwaweka kwenye zizi moja, hata kwa maneno.

Tukafika Nyarugusu tumechakaa lakini mbuzi mzima. Tukaamkia. Guku Bundala alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha kamba, amejifunika shuka, akatupokea kwa "Mhola?" nasi tukamjibu "Mhola duhu, guku," tuko wazima tu, na akamshika Minza mkono muda mrefu akisema anafanana na bibi yake. Baba mdogo akatoka na kunitazama kiunoni.

"Kisu cha marehemu kaka kiko wapi?"

"Shikamoo, baba. Nimekiacha nyumbani. Ni kizito."

"Marahaba. Kizito kwako," akasema, na wanaume waliokuwa wamekaa kwenye gogo wakacheka puani.

Aliyekuwa upande wangu ni mmoja, na nilijua ni mmoja, ila alikuwa na uzito wa watu watano. Huyo ni Baba Zuhura, mume wa shangazi yetu, Mwislamu mtulivu mwenye duka la nguo na chumvi, ambaye hapo machimboni kila mtu alimwita kumchinjia, ili wote wapate kula, Mwislamu na asiye Mwislamu. Kikao nacho kilikuwa hivyo hivyo, wazee wa ukoo na majirani zake wawili wa msikitini walioalikwa kama mashahidi. Guku alikuwa akimsikiliza Baba Zuhura kuliko alivyowasikiliza watoto wake wa kuzaa. Na Baba Zuhura alikuwa ameshaninong'oneza pale mlangoni: "Leo nitakusemea, mwanangu. Wewe tulia tu. Usiwe na maneno mengi."

Nikatulia. Nikampa kisu. Akakipima makali kwa kidole gumba, akainua nyusi, akamwelekeza mbuzi kibla, akasema bismillahi, na kazi ikaisha kabla mbuzi hajajua kimempata nini. Hata wale wa kwenye gogo walinyamaza. Tukachuna, tukakata, nyama nyingine ikaenda jikoni kwa Mama Kabula, mke wa baba mdogo, na maini yakachomwa pale pale yakaletwa kwa wazee kwanza, kama ilivyo desturi.

Nilikuwa nimeketi mbele yao, koti la baba mabegani, nikiwatazama wanavyotafuna, na nikahisi kwa mara ya kwanza tangu mama afe kwamba mambo yatakwenda. Baba Zuhura alikuwa na pande la ini mdomoni. Akakiinua kile kisu kwenye mwanga akasema, kwa wema kabisa, na nadhani alisema makusudi ili wengine wasikie:

"Maganga, hiki kisu umekichagua vizuri. Chembamba, lakini kikali."

Hapo palihitaji neno moja. Ahsante. Ndilo tu. Lakini nilikuwa nimekaa na kicheko cha wale wa kwenye gogo kifuani tangu asubuhi, na maneno ya Minza ya jani la mtama, na mhunzi, na "kizito kwako", na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hapo hujakiona, baba," nikasema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni. "Juzi tu kule njiani nimepasua nacho ngiri, na sikutoa jasho."

Sasa nyinyi mnajua kwamba ngiri ni mnyama na ngiri ni ugonjwa ule wa wanaume wa kuvimba kinena, unaopasuliwa hospitali. Baba Zuhura akaacha kutafuna kidogo, akanitazama, akaanza kutabasamu.

"Umempasua mtu ngiri? Wewe?"

Guku Bundala, ambaye alikuwa na ugonjwa huo huo miaka mingi na kila mtu alijua, akajishika chini ya shuka akasema, "Basi usirudi kwenu kabla hujanitazama na mimi," na uwanja mzima ukaangua kicheko. Wale mashahidi wawili walicheka. Baba mdogo alicheka, alishindwa kujizuia. Guku alikuwa akifuta machozi. Walikuwa wangu wote, nawaambieni, kwa muda ule mfupi walikuwa wangu wote, na kule kwenye mlango wa jiko nikamwona Minza ameshika mwiko, ananitikisia kichwa pole pole, kushoto, kulia, kushoto.

Ningecheka nao yakaisha. Watu wananiambia, kumbe ulikuwa mkweli, hukutaka kumlisha mzee haramu. Nashukuru kwa kunifikiria hivyo, lakini haramu haikunipitia kichwani kabisa. Nilichoona mimi ni kwamba wanakicheka kisu changu, wamekigeuza mzaha, na kazi yake kubwa kuliko zote inapotea hivi hivi.

"Hapana," nikasema, "si ugonjwa. Ngiri mnyama. Yule mwenye meno." Na wasipate shaka nikaweka vidole viwili pembeni mwa mdomo, vimepinda kwenda juu, nikawaonyesha.

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilipungua mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kanisani. Wa mwisho alikuwa guku, ambaye masikio yake yalikuwa mazito. Baba Zuhura alikuwa bado na lile ini mdomoni. Hakulimeza, hakulitema. Alisimama, akazunguka nyuma ya nyumba, na sote tukakaa pale tukimsikiliza anavyosukutua, anavyotema, anavyosukutua tena. Vidole vyangu vilikuwa bado mdomoni. Nikavishusha.

Aliporudi uso wake ulikuwa wa mtu mgonjwa. Majirani zake wawili walikuwa wamesimama nyuma yake.

"Kwa kisu hiki hiki?" akauliza.

"Nilikifuta," nikasema. "Kwa majani."

Mtu wa kwenye gogo akarudia polepole, "Kwa majani," na baba mdogo akatazama chini kuficha uso.

Nikakurupuka. Nilikumbuka kwamba shuleni palikuwa na mwenzangu Mwislamu aliyewahi kuniambia chombo kilichoguswa na nguruwe kinaoshwa mara saba na mara moja kwa udongo, na nikaona huo ndio wokovu wangu, nikakipokonya kile kisu nikakimbilia jikoni kwenye mitungi. Nikamwaga. Nikasugua. Nikamwaga tena. Nilihesabu kwa sauti ili wasikie kule uani. Nilipofika ya nne mtungi wa kwanza ulikuwa umekwisha, nikauingilia wa pili, na Mama Kabula akanishika mkono.

"Maganga, hayo ni maji ya ugali."

"Zimebaki tatu, mama."

"Kisima kiko mbali, mwanangu, na wanaoosha mchanga wa dhahabu wamekivuruga. Hayo ndiyo maji yetu."

Minza alikuwa nyuma yangu. "Kaka, acha," akasema. "Kaka. Acha sasa."

Sikuacha. Nikaongeza ya tano kwa udongo, ya sita, ya saba, nikatoka uani nimelowa mpaka magotini, nikakinyoosha kile kisu mbele ya Baba Zuhura kikidondosha maji nikasema, "Kimetakata, baba." Na alipopeleka mkono (alipeleka kwa heshima tu, maskini, asinidhalilishe) chuma kikachomoka kwenye mpini kikaanguka kwenye vumbi katikati yetu, nikabaki nimeshika kipande cha mti.

Utomvu ulikuwa umelainika. Mhunzi alisema.

Baba Zuhura aliinama, akakiokota kile chuma, akakiweka juu ya kigae pembeni ambapo mtoto asingekikanyaga.

"Kisu kinaoshwa, mwanangu," akasema kwa upole. "Mbuzi haoshwi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimeng'ang'ana kutakasa kisu kana kwamba kisu ndicho kinacholiwa. Nyama yangu yote ilikuwa chunguni na theluthi ya kikao haiwezi kuigusa, na kikao kisipokula pamoja hakiamui, na guku alikuwa ameshaanza kuuliza kwa nini chakula kinachelewa. Mimi sikuwa na mbuzi mwingine. Sikuwa hata na kuku hapo Nyarugusu.

Baba mdogo akasimama, akajikung'uta suruali.

"Ninaye mmoja," akasema. "Si mkubwa sana, lakini wazee hawatalala njaa kwangu."

Alikuwa mkubwa, huyo mbuzi. Baba mdogo akaingia ndani akatoka na kisu chake mwenyewe, kinene, kizito, akampa Baba Zuhura. Wanawake wakaenda kisimani kwa sababu yangu, wakarudi jua limeshuka, na muda wote huo nilikuwa nimekaa na koti lile, hakuna aliyekaa karibu nami. Nyama ya mbuzi wangu baba mdogo alituma ipelekwe kwa wachimbaji. Walikuja kushukuru, vijana wameloa udongo, mmoja akaniuliza kikao kingine ni lini.

Wazee wakala. Wote, kutoka chungu kimoja. Wakanawa. Guku Bundala akauliza, si kwa ubaya, nadhani alitaka tu utaratibu uende, "Leo tumekula kwa nani?"

Alijijibu mwenyewe kwa kumtazama baba mdogo.

"Nani ana neno kabla sijafunga?"

Baba Zuhura alinyoosha mkono. Kumbe nilikuwa bado na tumaini, sijui nilikuwa nimelificha wapi.

"Mimi nilikuja kumsemea huyu kijana," akasema. "Ameacha shule kwa ajili ya wadogo zake, amewalisha, hajaiba, halewi. Yote nimeyaona, na leo nayasema vilevile." Akatafuta neno, na nilimwona akilitafuta kwa huruma. "Ni mtoto mzuri. Ila ni mtoto."

Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Guku akafunga kikao.

Minza hakurudi nami. Ndivyo inavyokuwa, neno likishasemwa linaanza siku hiyo hiyo, na asubuhi nilimkuta tayari anafagia uwanja wa baba mdogo na ufagio wa Mama Kabula. Nilimwambia nitakuja kukutazama kila baada ya mavuno. Akasema najua. Halafu akasema, akiwa ameinama anafagia, "Ulipoweka vile vidole mdomoni nilijua tunaachana," na mimi nikachukua sufuria na blanketi nikaingia njiani peke yangu, bila mbuzi wa kunivuta.

Mapacha walinikimbilia mbali kabla ya nyumba. Wakatazama nyuma yangu kuona Minza anakuja na nini. Nikawakalisha chini nikawaambia Kulwa atakwenda kwa shangazi na Doto atakwenda kwa binamu yetu wa Tinde, na kwamba ni kwa muda. Sikujua kama ni kwa muda. Doto akauliza nimewakosea nini wazee. Nikamwambia niliongea sana. Akafikiri, akasema yeye hataongea sana huko Tinde. Hilo ndilo lililoniliza, nililia mbele yao kama mtu aliyepigwa, na wao wakanishikilia magoti kila mmoja upande wake.

Kila baada ya mavuno nilikwenda, sikukosa hata mwaka mmoja. Nilizungukia Nyarugusu, nikazungukia Tinde, kwa miguu, nikawapelekea karanga na kuwatazama wanavyokua kwenye nyumba za watu. Wamekua salama. Lakini wakizungumza wenyewe kwa wenyewe sasa inabidi wasimuliane mambo ambayo ndugu hawasimuliani, jinsi walivyokuwa wakila, walivyokuwa wakilala, maana hawakuwa pamoja.

Nami nilijiwekea sheria, na nimeishika mpaka leo: nikiulizwa, najibu nilichoulizwa. Mtu akisema jembe hili zuri, nasema ahsante. Akisema umelima vizuri, nasema ahsante. Mke wangu analalamika kwamba kuzungumza na mimi ni kama kuchota maji kwa kijiko, lakini nimemweleza sababu na amezoea.

Minza aliolewa na wale watu wa Tinde. Ng'ombe walihesabiwa uani kwa baba mdogo, yeye na mzee wa upande wa pili wakapeana mikono, na mimi nilikaa nyuma na wageni, kwenye benchi la kuazima, sahani ya wali mapajani. Kando yangu alikaa bwana mmoja wa upande wa bwana harusi, mchangamfu, alitaka tujuane. Akaniuliza mimi ni nani wa bibi harusi.

"Kaka yake," nikasema.

Akasubiri niendelee. Alinigeukia kabisa, ameacha kula, anasubiri. Nikainamisha kichwa nikaendelea na wali wangu.